Nani Ameshusha Mshahara, Nani Amepandisha Kodi ya Nyumba?





Mwezi huu tunaandika juu ya jambo ambalo limevunja mikutano zaidi ya mmoja. Kikundi kimoja cha hapa Garissa mjini, akina mama wengi na vijana wachache wa mjengo, walikaa kuamua kama mtu mwenye kadi ya mkimbizi anaweza kuingia katika ayuto yao na kufanya kazi za ujenzi ambazo kikundi kinapata. Walianza saa nane. Magharibi ilipoingia waliachana bila uamuzi. Vijana walisema ati wakimbizi wanakubali nusu ya mshahara, na kwa hivyo wenye kazi hawawataki tena wao. Mama mmoja alisema kodi ya chumba chake cha mabati imepanda tangu watu wajae bulani, na sasa anafikiria kurudi kwa dada yake. Mwingine, ambaye hupeleka maziwa ya ngamia Hagadera, alikaa kimya karibu mkutano wote, halafu akauliza, "Na wakiondoka, maziwa yangu nitamwuzia nani?" Hakuna aliyemjibu.

Tuliombwa tuje tueleze. Hatukuja kuwaambia wapige kura vipi, kwa sababu kikundi ni chao. Lakini kura ya watu wenye hasira ni mbaya ikiwa hawajui hasira yao inamhusu nani, kwa hiyo tulikaa nao tukafuata hesabu pole pole. Hayo ndiyo tunayoandika hapa, ili na vikundi vingine vipate kuyazungumza.

WAGENI NI AKINA NANI?

Serikali ya Siad Barre ilianguka Mogadishu Januari 1991. Mwaka huohuo kambi ya Ifo ilifunguliwa, na 1992 zikafuata Dagahaley na Hagadera. Kambi hizo tatu zilipangwa kwa watu 90,000. Njaa ya 2011 ilileta watu wengi hata idadi ikapita 460,000, zikaongezwa Ifo 2 na Kambioos. Mwaka 2016 serikali ilitangaza kwamba Dadaab itafungwa, na Februari 2017 Mahakama Kuu ikasema uamuzi huo ni kinyume cha Katiba. Wengine walirudi Somalia, kisha ukame na vita vikawaleta tena. Mwaka 2025 kambi zilikuwa na zaidi ya watu 400,000. Linganisheni na sensa ya 2019, ambapo kaunti nzima ya Garissa ilihesabiwa watu 841,353.

Kwa hiyo anayesema wageni ni wengi hasemi uongo, na asiitwe mtu mbaya kwa kusema hivyo. Ameona kwa macho yake. Miti iliyokuwa karibu na Ifo alipokuwa mtoto haipo tena.

Lakini simama alfajiri mahali wanaposimama vibarua hapa mjini, uulize kila mmoja ametoka wapi. Utakuta mkimbizi ni mmoja kati ya wengi. Kuanzia mwisho wa 2020 mvua ilikosa misimu mitano mfululizo, na Kenya ilipoteza mifugo zaidi ya milioni 2. Familia nyingi za wafugaji zilibaki na punda tu, wengine hata punda hawakubaki naye. Walikuja mjini na mikeka na masufuria, wakajenga herio pembeni mwa bula, na vijana wao wakaanza kutafuta kibarua siku ya pili. Hao hatuwaiti wageni kwa sababu ni binamu zetu. Lakini mwenye mjengo akitafuta mtu wa bei ya chini, binamu naye anakubali bei ya chini.

Wengine walitoka upande wa chini, yaani Ukambani, Kati na Magharibi: mafundi, walimu, wauguzi, madereva. Tangu kaunti zianze 2013, ofisi zimeongezeka na wafanyakazi wamekuja nazo. Tena mafuriko ya Novemba 2023 na ya Aprili 2024 yaliwatoa watu katika mitaa ya kando ya mto, nao wakatafuta vyumba juu.

Halafu kuna kundi ambalo mkutano wetu ulilisahau kabisa, mpaka mzee mmoja aliyekuwa amekaa mlangoni akainua mkono. Wakati wa ukame wananchi wengi wa Garissa, Wajir na Mandera walijiandikisha kama wakimbizi ili wapate rashoni, matibabu na shule ya watoto. Wengi waliandikishwa wakiwa watoto, hawakujua chochote. Walipofika miaka 18 na kwenda kuomba kipande, mashine ilisoma vidole vyao ikasema: huyu ni mkimbizi. Basi hana kipande, na bila kipande hakuna kazi ya mwezi, hakuna akaunti, hakuna kupita vizuizi vya barabarani. Ni maelfu ya watu. Januari 2025 Mahakama Kuu hapa Garissa iliamuru Wakenya hao waondolewe katika daftari la wakimbizi. Mzee alisema, "Mtoto wangu ana kadi ya mkimbizi. Nimemzaa hapa Garissa. Naye mtamfukuza?"

Tulimshukuru mzee huyo, maana alitukumbusha na jambo lingine. Mwaka 1989 serikali iliwapanga Wakenya wenye asili ya Kisomali foleni ikawachuja, na aliyepita alipewa kadi ya rangi ya waridi kuonyesha kwamba yeye ni Mkenya kweli. Kipande cha kawaida hakikutosha. Wako wazee ambao wameihifadhi kadi hiyo sandukuni hadi leo. Hata ukaguzi wa ziada kwa vijana wa kaunti za mpakani wanaoomba vitambulisho ulitangazwa kukomeshwa juzi tu, Februari 2025. Watu wa mkoa huu wanajua maana ya kuitwa mgeni ukiwa kwenu.

MSHAHARA UNASHUKA VIPI?

Sasa tuje kwa vijana wa mjengo. Tuliwaambia wasitupe lawama zao, wazipange. Tulichora chini kwa fimbo.

Tuseme kibarua cha siku ni shilingi 700. Kontrakta ana watu kumi. Anawatoa watano, anachukua watano wengine wanaokubali 350. Kwa siku ameokoa shilingi 1,750. Kwa siku 24 za kazi katika mwezi ameokoa shilingi 42,000. Tukauliza: pesa hizo ziko wapi? Mkimbizi hanazo, yeye amepata 350 zake. Mwenye nyumba hakupunguziwa bei. Kijana aliyefukuzwa hanazo. Kukawa kimya kidogo, halafu kijana mmoja akacheka akasema, "Kumbe tunagombana sisi na yule aliyeshika pesa ameenda kunywa chai."

Sasa kwa nini mkimbizi akubali 350? Hakuna mtu anayependa kuuza jasho lake nusu bei. Anakubali kwa sababu hawezi kukataa. Kwa miaka mingi sheria ilimtaka akae kambini, na akitaka kutoka apate karatasi ya ruhusa. Akikamatwa mjini bila karatasi, kesi ni yake. Kontrakta analijua hilo. Akimcheleweshea malipo, au akimlipa nusu, huyo mtu ataenda kushtaki wapi? Polisi ndio anaowakimbia. Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi tumemweka mgeni miaka zaidi ya 30, na sheria ikamnyima jembe, halafu tunashangaa akilishika kwa siri.

Ndani ya kambi ni vivyo hivyo. Mkimbizi anayefundisha shule au kusaidia zahanati halipwi mshahara bali pesa kidogo inayoitwa motisha, wakati Mkenya anayefanya naye kazi darasa la pili hupokea mara kadhaa zaidi. Kisha rashoni nayo imepunguzwa mara kwa mara. Katikati ya 2025 chakula kilichogawiwa kilishuka hadi karibu asilimia 28 ya kiasi kinachotakiwa. Rashoni ikishuka, watu wengi zaidi hutoka kutafuta kibarua, na wanakubali chochote. Ukiona mshahara wa mjini umeyumba, ulizia pia habari za rashoni.

Kwa hiyo kinachovuta mshahara chini ni udhaifu wa mtu mbele ya mwajiri, awe amezaliwa Kismayu au Bura. Ukimfukuza mkimbizi leo, kesho kontrakta atamchukua kijana wa mfugaji asiye na kipande kwa 350 ileile. Na keshokutwa atakwambia wewe mwenye kipande, "Huyu anakubali 350, wewe je?"

Sheria inasemaje? Katiba ya 2010 kifungu cha 41 inasema juu ya haki kazini, na inatumia maneno kila mtu. Haikusema kila raia. Sheria ya Ajira ya 2007 inakataza kubagua mfanyakazi kwa ajili ya uraia wake, na inamtaka mwajiri alipe sawa kwa kazi iliyo sawa. Tena inasema kibarua alipwe mwisho wa siku, na akiwa amefanya kazi mfululizo kwa muda unaofika mwezi asihesabiwe tena kama kibarua wa kutwa. Wengi wenu mmefanya mjengo miezi minne na bado mnaitwa vibarua. Hiyo hamkufanyiwa na mkimbizi.

Sheria ya Wakimbizi ya 2021, iliyoanza kutumika 2022, inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi, na kuna kibali cha daraja la M kinachotolewa bila malipo. Hata hivyo, kibali ni safari ndefu ya karatasi, na waliokipata ni wachache. Machi 2025 serikali ilizindua Mpango wa Shirika, ambao nia yake ni kuzigeuza kambi ziwe miji ambamo wenyeji na wakimbizi wanatumia shule, hospitali na soko moja. Wenyeji wa Dadaab na Fafi wana maswali mazito juu ya mpango huu: ardhi itakuwa ya nani, kura itakuwa ya nani, maji yatatosha? Maswali hayo ni ya haki. Ardhi ile ni ya jamii, na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inataka jamii isikilizwe. Yapelekeni kwenye mikutano, yaandikwe katika kumbukumbu. Ila msiyachanganye na mambo ya kibarua, kwa sababu kwa kibarua peke yake, mtu mwenye kibali na mdomo wa kusema ni afadhali kwenu kuliko mtu anayejificha.

YULE MAMA WA MAZIWA

Mwaka 2010 ulitolewa uchunguzi uliofanywa kwa ajili ya serikali za Kenya, Denmark na Norway juu ya kambi na wenyeji wake. Ulikadiria kwamba wenyeji walikuwa wakipata faida ya karibu dola milioni 14 kwa mwaka kutokana na kambi: maziwa, mbuzi, ng'ombe, usafiri, kazi za mashirika, maduka. Hizo ni pesa nyingi. Lakini hazimfikii kila mtu. Mwenye ng'ombe anauza, mwenye lori anapata, mwenye ploti anapangisha. Asiye na mnyama wala ploti, ambaye mali yake ni mikono miwili, ndiye anayekutana na mkimbizi uso kwa uso asubuhi pale pa kibarua. Ndiyo maana ndani ya kikundi kimoja mama wa maziwa na kijana wa mjengo wanaona vitu viwili tofauti, na wote wawili wanasema kweli. Watu wakubwa wanapotuambia ati wakimbizi wanaleta uchumi, waseme pia unamfikia nani.

KODI YA CHUMBA

Hapa tutasema wazi kidogo, na tusamehewe. Tulipouliza vyumba vya mabati mle bulani ni vya nani, ilionekana watatu kati ya waliokuwa mkutanoni wana vyumba wanavyopangisha, na wawili kati yao walipandisha kodi mwaka huo. Kuna aliyekuwa amelalamika zaidi juu ya wageni.

Watu wakiongezeka na vyumba visiongezeke, kodi itapanda. Hiyo ni kweli hata kama walioongezeka ni malaika. Swali ni kwa nini vyumba haviongezeki. Saruji inatoka mbali, na mafuriko yakikata barabara hapo Madogo, bei inaruka kwa siku moja. Maji ya bomba hayafiki bula zote, na chumba bila maji ni gharama ya mkokoteni wa punda kila siku. Kubwa zaidi ni ardhi. Ploti nyingi zina barua ya kugawiwa tu, hazina hati, na ploti moja imeuzwa kwa watu wawili mara ngapi? Mtu mwenye akili hatajenga nyumba ya mawe mahali ambapo kesho atakuja mwingine na barua yake. Anapiga mabati, anapandisha kodi, anangoja.

Mfano wa watu kuzidi nyumba tunao karibu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakimbizi waliofika Eastleigh, Nairobi, walipanga vyumba katika nyumba ya wageni iliyoitwa Garissa Lodge. Mchana kitanda kikawa meza ya kuuzia nguo, usiku ni kitanda tena. Baadaye jengo hilo likawa soko la maduka, na mengine mengi yakafuata. Kodi za Eastleigh zilipanda sana, wapangaji wa zamani waliumia, na baadhi walihama. Wakati huohuo barabara zake zilibaki na matope miaka na miaka ingawa kodi za serikali zilikusanywa pale kila siku. Wageni walileta biashara. Barabara na maji taka havikuwa juu yao.

HATA UINGEREZA

Wengine mna watoto au ndugu London na Leicester wanaowatumia hawala. Waulizeni, watawaambia maneno ya mkutano wetu yanasemwa kule pia, na sasa wanaoitwa wageni ni wao. Ni maneno ya zamani. Mwaka 1968 Wahindi wa Kenya wenye pasipoti za Uingereza walipoanza kuhamia huko, Bunge la Uingereza lilipitisha kwa siku tatu tu sheria ya kuwazuia. Mwaka 1972 Idi Amin alipowafukuza Wahindi wa Uganda, halmashauri ya mji wa Leicester ililipia tangazo katika gazeti la Uganda kuwaambia wasije, kwa kuwa nyumba na shule zimejaa. Walikuja hata hivyo, na viwanda na maduka yao yakawapa kazi watu wengi wa mji ule.

Lakini je, nyumba hazikujaa? Kule nyumba za bei nafuu zilikuwa zikijengwa na halmashauri. Kuanzia 1980 sheria iliwaruhusu wapangaji kuzinunua, na katika England peke yake karibu nyumba milioni 2 zimeuzwa hivyo. Zilizojengwa kuchukua nafasi yake ni chache sana. Mwaka 2018 kamati inayoishauri serikali yao juu ya uhamiaji ilitoa ripoti. Ilisema wageni hawakushusha mishahara sana kwa jumla, na kwa wanaolipwa kidogo kabisa athari ilikuwepo ila ni ndogo. Kuhusu nyumba ilikubali kwamba wageni wameongeza bei, na zaidi katika sehemu ambazo ruhusa ya kujenga ni ngumu kupata. Inafanana na Garissa kuliko tulivyotarajia. Tofauti moja ni kwamba wao, tangu Aprili 1999, wana mshahara wa chini kabisa kwa nchi nzima, na mtu huenda kushtaki. Sisi nasi tunao ulioandikwa, lakini hapa mjini ni nani amewahi kuulizia?

KIKUNDI KILIFIKA WAPI

Mkutano wa pili ulikuwa mfupi. Vijana walipendekeza kwamba kazi yoyote inayopitia kikundi iwe na bei moja ya siku, iandikwe ukutani pale wanapokutania, na mwanachama yeyote atakayekwenda chini yake kwa siri atoe faini. Wakakubaliana pia kwamba kabla ya kuanza mjengo, mwenye kazi aweke sahihi kwenye daftari: watu wangapi, bei gani, malipo lini. Daftari la kurasa 96 linatosha. Kazi ikizidi miezi mitatu sheria inataka mkataba wa maandishi, kwa hiyo kontrakta asiwaambie mnamsumbua. Asipolipa, daftari hilo ndilo mtakalompelekea afisa wa kazi, na bila karatasi mtasikilizwa tu mkaambiwa mrudi kesho.

Juu ya ayuto walichelewa zaidi. Akina mama walihofia mtu achukue zamu yake halafu arudishwe kambini au apelekwe Marekani, na hofu hiyo haina ubaguzi ndani yake, ni hesabu. Mwishowe walisema mwenye kadi ya mkimbizi aingie akiwa na wadhamini wawili wanachama, na zamu yake isiwe katika tatu za kwanza. Mama wa maziwa alijitolea kumdhamini mmoja. Yule mama aliyelalamikia kodi alipiga kura ya kupinga, na ilihesabiwa. Kama kikundi chenu kimeandikishwa, ulizeni kwanza katika ofisi ya maendeleo ya jamii ni vitambulisho gani wanakubali kwa wanachama, maana karani mmoja na mwingine hujibu tofauti. Ombeni jibu kwa maandishi.

Yule mtoto wa mzee ameenda mara mbili kuulizia jina lake litolewe katika daftari la wakimbizi. Mara ya pili aliambiwa alete cheti cha kuzaliwa cha baba. Baba alizaliwa malishoni, hana. Wenye watoto katika hali hiyo waje ofisini kwetu siku ya Jumanne asubuhi na karatasi yoyote waliyo nayo: kadi ya kliniki, barua ya chifu, hata ile kadi ya waridi ya mwaka 1989.